Buibui Mkubwa: Je, Ni Hatari?

Mvua zinapoanza, watu huona buibui wakubwa kuliko siku nyingine. Mmoja anapita mlangoni jioni, ana manyoya kama panya, na miguu yake ikinyoshwa inajaza kiganja cha mtu mzima. Watoto wanalia. Baba anatwaa mchi. Kesho yake majirani wote wanasema kwamba nyumba ile imeingiliwa na mnyama wa kuua watu. Labda wewe nawe umeona jambo hili, ukauliza: Je, huyu ni hatari kweli?

Kwanza umtambue. Hesabu miguu yake. Buibui ana miguu minane, na mwili wake ni sehemu mbili. Hana mabawa. Nge pia ana miguu minane, lakini ana makoleo mbele na mkia wenye mwiba, na sumu yake imo mkiani. Buibui huuma kwa meno mawili yaliyo mbele ya kichwa. Namna za buibui ni nyingi sana. Katika mwaka 2022 hesabu ya namna zilizoandikwa na wataalamu ilipita 50.000. Karibu wote wana sumu, kwa sababu ndiyo silaha yao ya kuulia wadudu. Lakini sumu ya kutosha kuua mende haitoshi kuua mtu.

Yule mwenye manyoya anakaa shimoni. Mdomo wa shimo lake ni duara, na mara nyingi umezungukwa na nyuzi nyeupe. Jike anaweza kuishi miaka mingi katika shimo moja. Wale wanaotembea ovyo wakati wa mvua mara nyingi ni madume, wanatafuta jike, wala hawakutafuti wewe. Ukimsumbua, atainua miguu ya mbele na kuonyesha meno yake meusi. Hiyo ni njia yake ya kusema, «Niache.» Basi mwache. Akiuma, maumivu ni makali, mahali pale panavimba, na mtu mwingine hukazwa misuli kwa saa nyingi. Ni mateso, lakini si kawaida mtu kufa nayo. Waambie watoto wasitie mkono wala kijiti katika mashimo. Tena shimo ambalo unadhani ni la buibui linaweza kuwa la nyoka.

Yuko mwingine, bapa, rangi ya udongo, anayekimbia ukutani usiku. Jike hubeba mayai yake chini ya tumbo katika mfuko mweupe uliokaa kama sarafu. Huyu anakula mende wako bure. Nje, kati ya miti, utaona utando mkubwa wenye nyuzi za manjano zinazong'aa juani. Mwenye utando ni jike mwenye miguu mirefu, na mume wake ni mdogo sana hata hungemwona. Hao wawili hawana neno na watu. Ukimbana kwa mkono ataweza kuuma, na utasikia maumivu ya muda tu.

Ajabu ni hii: buibui wa kuangaliwa zaidi ni mdogo. Mwili wake haupiti ukubwa wa punje ya mahindi, ni wa rangi ya kahawia, na chini ya tumbo ana alama nyekundu au ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizokutana kwa ncha. Mifuko ya mayai yake ni duara yenye vijiti vidogo kama miiba. Anajificha chini ya viti, katika ndoo za zamani, na chooni. Akiuma, mara nyingi ni maumivu ya mahali pale. Lakini mtu akitoka jasho jingi, akikazwa tumbo au mgongo, aje hospitalini, na mtoto mdogo aletwe upesi zaidi.

Sasa tufikie jambo linaloua. Tuseme baba amelala juu ya mkeka. Usiku anasikia kitu kimemchoma mguuni. Wanawasha taa, na tazama, buibui mkubwa yuko ukutani! Wote wanasema, «Ni huyu.» Wanamwua, wanacheka kidogo, wanalala tena. Karibu na asubuhi kope za baba zinaanguka, hawezi kumeza mate, pumzi inakuwa fupi. Aliyemwuma alikuwa nyoka, naye alikwisha kutoka chini ya mlango zamani. Buibui alikuwa shahidi tu.

Usitegemee alama za meno. Buibui mkubwa anaweza kuacha matundu mawili, na nyoka anaweza kuacha moja, au mkwaruzo tu. Kama hukumwona kwa macho yako mnyama akiuma, hesabu kwamba ni nyoka, uondoke usiku ule ule. Mgonjwa asitembee. Mlaze, ufunge mguu kwa kijiti usitikisike, uvue pete na bangili, umbebe kwa tipoyi au pikipiki. Usikaze kamba, usichanje kwa wembe, usinyonye. Jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunalo sandukuni, halitoi sumu. Linakula saa ambazo mgonjwa angekuwa njiani. Dawa ya kushinda sumu ya nyoka hutiwa katika mshipa, na si kila kituo cha afya kinayo, kwa hiyo uulize leo ni wapi inapatikana, kabla hujaihitaji.

Kama ulimwona buibui kweli, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, meza parasetamoli, umwulize munganga habari ya chanjo ya pepopunda. Ukiwa na simu, piga picha ya mnyama, hata kama ni maiti yake.

Watu wengine huja wakisema, «Buibui amenikojolea usiku.» Tunatazama ngozi, tunaona malengelenge. Mara nyingine ni mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyepondwa juu ya ngozi, na maji yake yanaunguza. Mara nyingine malengelenge yamefuata upande mmoja tu wa mwili kama mshipi. Huo ni ugonjwa mwingine, nao una dawa yake. Na kidonda kisichouma, kinachopanuka juma kwa juma, usikiite cha buibui ukakaa nacho nyumbani. Kilete.

Usimwage nyumbani dawa ya wadudu wa shamba kwa ajili ya buibui mmoja. Watoto watavuta hewa ile. Mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, umtoe nje. Kung'uta viatu asubuhi. Na chandarua ukichomekee vizuri chini ya mkeka pande zote: kinazuia mbu, buibui, na hata yule nyoka wa usiku.