Hofu ya Mama na Akili ya Mwana

Katika kijiji cha Moa, kaskazini mwa Tanga, mke wa mvuvi aliye mja mzito ajua hofu ya usiku ule ambapo pepo za kusi zavuma na ngalawa ya mumewe haijarudi. Wazee wa pwani huasa kwamba mwenye mimba asishtuliwe wala asitiwe huzuni. Je, wasia huo una msingi katika sayansi?

Mtu aingiwapo na hofu, tezi zilizo juu ya figo humimina katika damu homoni iitwayo kotisoli, ambayo huuandaa mwili kukabili hatari. Kwa mja mzito, kondo la nyuma ni bawabu: lina kimeng'enya kinachoidhoofisha sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Hofu ya usiku mmoja si jambo la kutisha. Lakini dhiki idumupo kwa miezi, wataalamu wengi huona kuwa ulinzi huo hupungua, na ubongo unaoumbika hupata kotisoli kupita kiasi.

Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga mjini Goma, mashariki ya Kongo. Akina mama walioteswa zaidi na vita walielekea kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Tena katika damu ya watoto hao zilionekana alama za kikemikali juu ya jeni inayosaidia mwili kuitikia kotisoli. Kundi hilo lilikuwa dogo. Lakini huko Uingereza walifuatiliwa maelfu ya wanawake waliokuwa na mimba mnamo 1991 na 1992. Watoto wa wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa mwishoni mwa mimba walikabiliwa na hatari karibu maradufu ya matatizo ya tabia na hisia walipofika umri wa miaka 4.

Hata hivyo, hatari si hukumu. Wengi wa watoto hao walikua salama, na malezi yenye upendo huponya mengi. Wala mama asilaumiwe: hakujitakia njaa, kipigo wala upweke. Wajibu ni wa mume, wakwe na majirani. Na kliniki, ipimapo uzito na shinikizo la damu, yafaa imwulize pia: moyo wako u hali gani?