Grafu si mchoro wa bei tu: Neno linalounganisha mwanga, hisabati na mtandao

MWAMBIE mwanafunzi yeyote wa sekondari achore grafu, naye atachukua rula, apige mihimili miwili, kisha apandishe mstari wa bei ya unga au wa joto la maji. Hajakosea hata kidogo. Lakini mwanahisabati anapozungumzia nadharia ya grafu, hana mihimili wala mstari unaopanda na kushuka. Ana vitu viwili tu: mafundo, na nyuzi zinazoyaunganisha.

Tofauti hii inatuhusu sote. Habari nyingi za sayansi zinazochapishwa siku hizi, kuhusu mwanga, tarakilishi mpya na intaneti, zimesimama juu ya grafu ya aina hii ya pili. Anayezisoma akiwa na maana moja tu kichwani hutoka kapa, kisha akadhani kwamba sayansi ndiyo ngumu, kumbe aliyemchenga ni neno.

Hebu tuanze na vituo vya matatu jijini Nairobi. Kila kituo ni fundo, na kila barabara inayopita kati ya vituo viwili ni uzi. Urefu wa barabara na kona zake haviingii katika hesabu. Linaloulizwa ni nani ameunganishwa na nani. Mnamo 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya zaidi ya njia 130 za matatu, wakitumia habari zilizokusanywa kwa simu. Ramani hiyo, ukiitazama kwa jicho la hisabati, ni grafu.

Nadharia yenyewe huhesabiwa kuanzia 1736, kwa kazi ya Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikuwa na madaraja saba. Je, mtu angeweza kuyavuka yote bila kurudia hata moja? Euler aligeuza kila kipande cha nchi kavu kuwa fundo na kila daraja kuwa uzi. Fundo unalolipitia tu lazima liwe na nyuzi za kuingilia na za kutokea, yaani nyuzi shufwa. Fundo la kuanzia na la kumalizia pekee ndiyo yanayoweza kuwa na nyuzi witiri. Sasa, mafundo ya Königsberg yalikuwa manne, moja likiwa na nyuzi tano na mengine tatu tatu. Yote witiri! Safari hiyo haikuwezekana.

Tuje kwenye mtandao. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho Geneva. Kila ukurasa ni fundo, na kila kiungo unachobofya ni uzi. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza namna ya kupanga kurasa kwa umuhimu: kiungo kihesabiwe kama kura, ila kura zisilingane uzito. Kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi nzito huwa na nguvu zaidi. Ni kama baraza la wazee: neno la anayesikilizwa na wengi hupima zaidi. Google ilizaliwa katika wazo hilo.

Na mwanga je? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwanga huja kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni, na tawi linalochunguza tabia ya vipande hivyo ni optiki ya kwanta. Leza ikimulika fuwele maalumu, mara moja moja fotoni moja hugawika, zikazaliwa fotoni mbili pacha, kila moja ikashika njia yake. Mwaka 2017, Mario Krenn, Xuemei Gu na Anton Zeilinger walionyesha kwamba majaribio ya namna hii yanaweza kuandikwa kama grafu. Kila njia ya fotoni ni fundo. Kila fuwele ni uzi unaounganisha njia mbili.

Mtafiti husubiri pale ambapo kila kigunduzi mwishoni mwa njia kinapata fotoni moja. Kwa lugha ya grafu, mafundo yote yawe yameoanishwa wawili wawili, asibaki mseja. Ikiwa zipo njia kadhaa za kuoanisha, na hakuna awezaye kujua ni ipi iliyotokea, basi fotoni hizo hufungamana: majibu yake huoana hata zikiwa mbalimbali. Utafiti wa ufungamano huo ndio uliompa Zeilinger Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022, pamoja na Alain Aspect na John Clauser.

Sasa geuza swali: kuna njia ngapi za kuoanisha? Chukua darasa ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kukaa na yeyote. Wanafunzi wanne wataketi wawili wawili kwa njia 3. Sita, njia 15. Kumi, njia 945. Ishirini, njia 654,729,075. Na kama baadhi ya wanafunzi hawaketi pamoja, yaani nyuzi nyingine hazipo, hesabu hupungua lakini kuipata huwa kazi ngumu zaidi. Grafu ikiwa kubwa, tarakilishi za kawaida huzidiwa.

Basi wanasayansi wakasema, kama mwanga wenyewe hufuata hesabu ya namna hii, kwa nini tusiuachie mwanga kazi? Desemba 2020, watafiti wa Hefei nchini Uchina walitangaza mtambo wa Jiuzhang, ulionasa hadi fotoni 76. Walisema kwamba kazi ulioifanya kwa sekunde 200 ingeichukua tarakilishi kuu mamilioni ya miaka. Wengine wamekuwa wakibuni mbinu za kuipunguza miaka hiyo, na ushindani huo ni afya ya sayansi.

Mzunguko ukakamilika mwaka 2022, kampuni ya Xanadu ya Toronto ilipoufungua mtambo wake wa mwanga, Borealis, kwa watumiaji wa mtandaoni. Haikuwa lazima mtafiti aende Kanada. Alituma kazi yake kupitia intaneti na kurudishiwa majibu. Hivyo grafu ya wavuti ikawa njia ya kuufikia mwanga unaopimia grafu.

Je, Kiswahili kina nafasi hapa? Kinayo, tena ya mapema. Neno mtandao linatokana na kitenzi tanda, ambacho pia kimetupa utando wa buibui. Mvuvi wa Lamu anayeshona wavu anajua fundo na uzi kabla ya kufika darasani. Kwa maoni yangu, tuliache neno grafu libaki, kwa kuwa limeshaota mizizi, lakini kamusi na vitabu vya shule viipe fasili ya pili waziwazi: mkusanyiko wa mafundo na nyuzi zinazoyaunganisha. Mwalimu naye anaweza kuwaomba wanafunzi wachore vituo vya matatu vya mtaani mwao, kisha wajaribu swali la Euler: je, twaweza kupita kila barabara mara moja tu? Watahitaji kalamu, karatasi, na uwezo wa kuhesabu shufwa na witiri.