Mfunze mbwa wako utulivu angali mchanga

MSOMAJI, huenda umewahi kuyaona haya ukipita Kamakwa, Majengo au King'ong'o mjini Nyeri wakati wa jioni. Mbwa aliyeshinda amefungwa kutwa nzima nyuma ya nyumba anafunguliwa mnyororo. Lango likiachwa wazi kidogo tu, anachomoka mbio, anakutana na mbwa wa jirani, na kabla mwenyewe hajafika vita vimeanza. Mtoto aliyetumwa dukani anaingilia kati kumwokoa mbwa wao, naye anaumwa mkono. Baadaye mzazi yuko hospitalini akiulizwa: "Mbwa huyo alichanjwa lini?"

Wengi husema mbwa wa namna hiyo alizaliwa mkali. Mara nyingi sivyo. Ukali dhidi ya mbwa wengine aghalabu ni woga, na woga huo huota mizizi mbwa akiwa bado mchanga.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanaeleza kwamba tangu afikishe wiki tatu hadi wiki kumi na mbili au kumi na nne hivi, ubongo wa mbwa huwa wazi kupokea mambo mageni. Anachokizoea wakati huo bila kutishwa, hukiona ni cha kawaida maisha yake yote. Asichokiona, hukiogopa baadaye. Hivyo basi mbwa aliyefungiwa kibandani tangu utotoni hajui lugha ya wenzake. Akikutana nao ukubwani, hujitetea kwa meno.

Chanjo kwanza, lakini usingoje mno

Hapa ndipo wafugaji wengi hutatizika. Chanjo dhidi ya magonjwa ya pavo na distempa huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akifika miezi mitatu. Ukimficha mpaka amalize chanjo zote, wakati mzuri wa kumfunza utakuwa umekwisha pita.

Ukimwachilia ovyo nako ni hatari. Virusi vya pavo huishi ardhini kwa miezi mingi. Distempa nayo haina mzaha: mwaka wa 2017 iliangamiza makundi mengi ya mbwa mwitu huko Laikipia, ng'ambo ya Nanyuki.

Njia iliyo salama ni ya kati. Siku saba baada ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, mbwa wako anaweza kuanza kukutana na mbwa unaowajua. Mwalike jirani mwenye mbwa mzima, mpole na aliyechanjwa, wakutane katika boma lililo safi. Huko nje, mbebe mikononi. Kaa naye kando ya barabara ya Karatina au karibu na stendi ya matatu, atazame mbwa wengine, mikokoteni na watu. Usimweke chini penye jaa la taka au mahali mbwa koko wanapolala. Daktari wa mifugo atakwambia ni lini anaweza kutembea popote.

Aidha, usikubali kuuziwa mbwa wa wiki nne au tano, hata bei iwe nafuu namna gani. Amwachie mama yake akiwa na angalau wiki nane. Akicheza na nduguze hujifunza kwamba aking'ata kwa nguvu mchezo huisha.

Namna ya kumkutanisha na wenzake

Tuseme mbwa wako anaitwa Simba. Amemaliza chanjo na leo mnatoka pamoja kwa kamba. Kwa mbali mnamwona mbwa mwingine.

Kwanza, simama mbali. Umbali unaofaa ni ule ambao Simba anamwona mwenzake lakini bado anaweza kukusikiliza na kula. Kila anapomtazama mbwa yule akiwa ametulia, mpe kipande kidogo cha ini la kuchemsha. Hakikisha limeiva, kwani matumbo na maini mabichi humwambukiza mbwa minyoo ambayo hatimaye huwadhuru watu. Akikataa kula au akianza kubweka, mko karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa.

Pili, legeza kamba. Ukiivuta kwa hofu, naye huhisi kuna hatari. Akivuta kwa furaha ya kutaka kucheza, simama tuli kama mti. Kamba ikilegea, songa mbele. Atajifunza kwamba utulivu ndio unaomfikisha anakotaka.

Tatu, msiwakabilishe uso kwa uso. Mbwa wenye adabu hupita wakizunguka kidogo na kunusana nyuma. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha mwite kwa sauti ya furaha na umtuze. Mikutano mitatu mifupi ni bora kuliko mmoja mrefu ulioishia vitani.

Nne, soma mwili wake. Mkia uliofichwa kati ya miguu, kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi na kugeuza uso ni dalili kwamba anaomba nafasi. Mwili uliokakamaa na macho yasiyopepesa ni onyo. Wala usidanganywe na mkia unaotikisika, kwani mbwa aliye tayari kupigana pia huutikisa.

Kosa kubwa ni kumchapa anapobweka. Yeye haelewi kwamba unamkanya. Anachokumbuka ni kwamba mbwa mwingine alipotokea, aliumizwa. Kesho atabweka mara mbili.

"Je, ataweza kulinda?"

Huenda ukauliza: mbwa mtulivu atafukuza wezi kweli? Naam. Kubweka mgeni anapogusa lango usiku ni jambo moja, na kuogopa kila mbwa apitaye ni jingine. Hata mbwa wa polisi hufunzwa kuwapuuza mbwa wenzao, kwani anayehangaikia kila mkia hawezi kufanya kazi.

Wakipigana, usitie mkono katikati. Wamwagie maji au uwashtue kwa kishindo. Mtu akiumwa, oshwa kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Usipake pilipili wala majani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona, ilhali sindano zikitolewa mapema humwokoa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Watoto wengi wamo miongoni mwao.

Samaki mkunje angali mbichi. Dakika kumi kila siku, mfuko wa vipande vya ini na kadi ya chanjo iliyojazwa vitakugharimu kidogo kuliko usiku mmoja hospitalini. Kama una mbwa wa miezi miwili nyumbani, usingoje akue. Anza jioni ya leo.