India Ilivyofungua Mlango wa Biashara

Bajaji zinazopita mitaani zimepewa jina la kampuni ya India. Zamani kampuni hiyo ilitengeneza skuta, na Mhindi aliyetaka kununua moja aliweza kungoja miaka mingi, fedha zake zikiwa tayari mkononi. Si kwamba mafundi walikuwa wavivu. Kiwanda hakikuruhusiwa kuzidisha hesabu iliyoandikwa katika leseni yake.

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilitaka kujitegemea. (Na watu waliokwisha kutawaliwa na kampuni ya wafanya biashara wana haki ya kuwaogopa wageni wenye mitaji!) Basi kila kiwanda kiliomba idhini, na ushuru wa forodha ukapandishwa sana. Mwaka 1977 Coca-Cola ilifungasha virago. Haikurudi mpaka 1993.

Mwaka 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Bei ya mafuta ikapanda, na Wahindi waliofanya kazi huko wakarudi kwao mikono mitupu. Madeni nayo yalikuwa yamelundikana tangu zamani. Kufikia katikati ya 1991, fedha za kigeni zilizobaki zilitosha kununulia bidhaa za majuma machache tu. Ndipo tani 47 hivi za dhahabu zikapelekwa Uingereza kwa ndege, ziwekwe rehani. Ajuaye jinsi Wahindi wanavyoithamini dhahabu, kuanzia bangili za bibi arusi, atafahamu aibu iliyowapata.

Waziri Mkuu P. V. Narasimha Rao na Waziri wa Fedha Manmohan Singh hawakukawia. Mapema Julai thamani ya rupia ilipunguzwa mara mbili, ili bidhaa za India ziwe rahisi kwa wanunuzi wa ng'ambo. Tarehe 24 Julai leseni za viwanda zilifutwa, isipokuwa kwa aina 18, na katika viwanda vingi vilivyochaguliwa mgeni akaruhusiwa kumiliki hata asilimia 51. Ushuru nao ukaanza kushuka.

Mwaka 2021 akiba ya fedha za kigeni ilipita dola bilioni 600. Lakini mimi siamini kuwa mlango huo uliwafaa wote sawasawa. Mjuzi wa kompyuta mjini Bangalore alineemeka upesi. Mkulima mwenye ng'ombe wawili, hapana. Serikali yenyewe yalijua hayo, kwani mwaka 2019 ilikataa kuingia katika mkataba mkubwa wa biashara wa Asia, wafugaji wakihofu kwamba maziwa ya New Zealand yangewanyang'anya soko.