Kibali cha Saa Moja: Jinsi Programu Inavyojitambulisha Kwenye Wavuti

Utangulizi

Ni kawaida kusikia, hata miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, kwamba lugha yetu inatosha kuelezea matumizi ya tarakilishi lakini haitoshi kuelezea utendakazi wake wa ndani. Nywila tunayo, tovuti tunayo, barua pepe tunayo. Ila mtu akiuliza jinsi programu moja inavyoitambua nyingine, wengi wetu huhamia Kiingereza. Makala haya yanaeleza jambo moja la aina hiyo: namna programu inavyotuma ombi lililothibitishwa kwenye wavuti, na namna inavyojipatia kibali kipya pale cha awali kinapoisha muda. Shabaha zetu ni mbili. Kwanza, kuonyesha kwamba kibali kinachoisha upesi humlinda mwenye mali. Pili, kuonyesha kwamba jambo hili hueleweka vyema tukitenganisha maneno ambayo mazoea yameyachanganya.

Sokoni Ishiara

Ishiara ni mji wa soko katika Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu. Mbeere ni nchi ya ukame, na wakulima wake hutegemea mazao yanayostahimili jua kama vile ndengu, kunde na mtama, pamoja na maembe na mbuzi. Kama ilivyo katika masoko mengi ya Kenya, malipo mengi huko hupitia M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilizindua Daraja, yaani mlango maalumu ambao programu za watu wengine hupitia ili kuomba huduma za M-Pesa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la jumla la ndengu mjini humo. Mteja anapokubali bei, programu ya duka hutuma ombi kwa Daraja. Rununu ya mteja huonyesha kiasi anachodaiwa, naye huweka nambari yake ya siri. Mpangilio huu unazua swali: Daraja hujuaje kwamba ombi limetoka kwa duka hilo na wala si kwa tapeli aliyeketi kwingineko?

Hati na Kibali

Jibu linafanana na desturi ya soko lenyewe. Mfanyabiashara wa Kenya ana kitambulisho cha taifa, hati inayodumu kwa miaka mingi. Anapoingia sokoni kuuza, hulipa ushuru wa siku na kupewa risiti. Askari wa kaunti akipita, huuliza risiti wala si kitambulisho. Risiti ikipotea, atakayeiokota atafaidi siku hiyo tu. Kesho yake haina kazi. Kitambulisho kikiibwa, madhara yake huwa makubwa na ya muda mrefu.

Daraja pia hutenganisha mambo hayo mawili. Mwenye programu hupewa hati za utambulisho zenye sehemu mbili: ufunguo, unaomtaja, na siri, inayothibitisha kwamba ndiye. Hati hizi hudumu. Kwa kuzitumia, programu huomba kibali, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu utakaoambatanishwa na kila ombi la malipo. Kibali cha Daraja huishi kwa sekunde 3599, saa moja kasoro sekunde moja. Utaratibu huu unafuata kanuni za kimataifa ziitwazo OAuth 2.0, zilizochapishwa Oktoba 2012.

Jinsi Kibali Kinavyoombwa

Programu huunganisha ufunguo na siri kwa nukta pacha, kisha hugeuza mfuatano huo kuwa mwandiko uitwao Base64 na kuuweka katika kichwa cha ombi. Msomaji asidhani kwamba mwandiko huo huficha siri. Yeyote anaweza kuurejesha katika hali yake ya awali papo hapo. Kinachoificha siri njiani ni usimbaji wa HTTPS, ambao huyafumba mawasiliano yote baina ya duka na seva. Seva hujibu kwa mambo mawili: kibali chenyewe na idadi ya sekunde za uhai wake.

Kuanzia hapo, kila ombi la malipo hubeba kibali kikitanguliwa na neno Bearer, ambalo kwa Kiswahili tungeliita mchukuzi. Neno hili lina onyo ndani yake. Seva humhudumia yeyote anayekichukua kibali hicho, bila kuuliza alikipataje. Ndiyo sababu uhai wake umefupishwa: mwizi akikinasa, ana muda usiozidi saa moja.

Kibali Kinapoisha

Ugumu huanza hapa. Programu iliyoandikwa kwa pupa huomba kibali asubuhi inapowashwa na kutaka kukitumia siku nzima. Duka likifunguliwa saa mbili, kufikia saa tatu maombi yote yanakataliwa, huku foleni ya wateja ikirefuka. Wapo wanaolikwepa tatizo hilo kwa kuomba kibali kipya kabla ya kila malipo. Njia hiyo huongeza safari za mtandao maradufu, na mahali ambapo mtandao ni dhaifu, kila safari ya ziada ni nafasi nyingine ya kukwama. Programu iliyoandikwa vyema huzingatia kanuni nne zifuatazo:

(i) Ihifadhi kibali pamoja na wakati wa kuisha kwake. Kabla ya kila ombi, iangalie muda uliobaki. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde 60, kwa mfano, iombe kipya. Pengo hilo linahitajika kwa kuwa kibali kilichobakiza sekunde mbili kinaweza kuisha kikiwa njiani.

(ii) Aende mmoja tu. Wauzaji watano wakibonyeza kwa pamoja wakati kibali kimeisha, programu isitume maombi matano ya kibali. Ombi la kwanza lifunge kufuli na kuleta kibali. Mengine yangoje na kukitumia hicho hicho.

(iii) Ikikataliwa, irudie mara moja. Huenda kibali kikabatilishwa kabla ya wakati wake. Seva za wavuti huashiria hali hiyo kwa jibu la 401. Daraja ina pia nambari yake ya kosa, 404.001.03, kwa maana kwamba kibali ni batili. Programu itupe kibali cha zamani, iombe kipya, na kulirudia ombi mara moja tu. Likikataliwa tena, yamkini kasoro iko kwenye hati zenyewe, na kuendelea kurudia ni kubisha hodi kwenye mlango usiofunguliwa.

(iv) Itofautishe kukataliwa na kunyamaziwa. Ombi lililokataliwa kwa sababu ya kibali halikutekelezwa, hivyo kulirudia ni salama. Mtandao ukikatika kabla ya jibu kufika, programu haijui kama ombi lilipokelewa. Ikilirudia papo hapo, mteja anaweza kuletewa dai la pili na kulipia gunia moja mara mbili. Ni sharti kwanza ikague matokeo, ambayo Daraja huyatuma kwenye anwani iliyotajwa na duka, au ikague taarifa ya malipo.

Kanuni hizi zote huandikwa mahali pamoja katika msimbo, ili sehemu nyingine za programu ziombe malipo bila kujishughulisha na vibali. Hati nazo zihifadhiwe kwenye seva ya duka. Hazifai kuandikwa ndani ya msimbo unaosambazwa wala ndani ya programu ya rununu, kwa kuwa atakayeupata msimbo atakuwa amezipata hati pia.

Suala la Istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku, hati na kibali huitwa kwa jina moja: ama nenosiri, ama tokeni. Mchanganyiko huo una gharama. Anayeamini kwamba vyote ni kitu kimoja huviweka vyote mahali pamoja, na akiibiwa hajui kama amepoteza risiti ya siku au kitambulisho.

Hali kadhalika, tuwe waangalifu na kitenzi kuhuisha. Katika mifumo mingine, kama ile ya Google, mtumiaji hutoa idhini mara moja, na programu huweza kupewa vibali viwili: cha muda mfupi, kinachotumika kwenye maombi, na cha muda mrefu, ambacho kazi yake ni kupatia kingine cha muda mfupi. Hapo kuhuisha kunafaa, kwani idhini ile ile inaendelezwa. Daraja haitoi kibali cha pili. Programu hurudi na hati zake na kuanza upya. Kibali kimoja hufa, kingine huzaliwa. Tukisema kwamba kibali cha Daraja kimehuishwa, tutampeleka mwanafunzi kutafuta kibali cha kuhuishia ambacho hakipo.

Hitimisho

Tumeona kwamba usalama wa fedha za muuzaji wa ndengu unategemea mambo mawili: hati inayofichwa na kibali kinachokufa upesi. Kazi ya programu ni kukirithisha kibali hicho bila kumsumbua mteja na bila kumtoza mara mbili. Tumeona pia kwamba hati, kibali, kuhuisha na mchukuzi ni maneno ambayo tayari tunayo. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuyapa mipaka, kisha kuyatumia bila kuyumba katika vitabu na madarasa yetu.