Kiyoyozi Katika Land Rover ya Zamani: Joto Huhamishwa, Nishati Hulipwa

Land Rover ya Series III, iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na mwaka 1985, ni miongoni mwa magari yaliyojipatia heshima kubwa katika Afrika Mashariki. Imebeba wagonjwa, mbegu na walimu, na imepita mahali ambapo magari mengine yalirudi nyuma. Hata hivyo, nyingi zake zilitoka kiwandani bila kiyoyozi. Dereva aliyeshindwa na joto alifungua vifuniko viwili vilivyo chini ya kioo cha mbele, na upepo ukaingia pamoja na vumbi.

Siku hizi wako wenye magari hayo, hasa yale ya dizeli, wanaotaka kuyafunga viyoyozi. Jambo hilo lawezekana, na mafundi kadha wa kadha wamelifanya. Lakini kabla ya kutoboa bati hata tundu moja yafaa kuuliza: je, injini ndogo iliyosanifiwa zamani, bila kufikiriwa mzigo huo, itaweza kuulipia? Swali hili hujibiwa kwa fizikia ya sekondari.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi

Watu husema kwamba kiyoyozi “hutoa baridi”. Kwa lugha ya sayansi, baridi si kitu kinachotengenezwa. Ni upungufu wa joto. Kazi ya kiyoyozi ni kulichukua joto lililomo ndani ya gari na kulitupa nje, ijapokuwa nje kuna joto zaidi. Kwa kuwa joto lenyewe hutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye jotoridi dogo, kulirudisha kinyume kunahitaji kazi, kama vile maji yanavyohitaji pampu ili yapande mlimani.

Mbebaji wa joto hilo ni kimiminika maalumu kinachochemka upesi. Kile kiitwacho R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri, katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Kanieneo ikiongezwa, kiwango cha kuchemka nacho hupanda, ikipunguzwa, hushuka. Siri yote ya kiyoyozi imo humo.

Ndani ya chumba cha abiria mna evaporeta, yaani mabomba membamba yenye mapezi. Humo kanieneo ni kama kilopaskali 300, na kimiminika huchemka karibu na nyuzi 0. Kinapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto fiche kutoka katika hewa inayopulizwa na feni. Mvuke huo huvutwa na kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini, ukagandamizwa hadi kufikia kilopaskali 1,500 hivi. Sasa waweza kurudi kuwa kimiminika hata kwenye nyuzi 55. Kwa hiyo ukipita katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta, huliachia joto lake hewa ya nje. Kisha kimiminika hupenya tundu dogo la vali ya upanuzi, kanieneo yake hushuka ghafla, na mzunguko huanza upya.

Joto huingia kwa njia zipi?

Mhandisi mwangalifu haanzi kwa kununua kompresa kubwa, bali kwa kuhesabu joto linaloingia garini. Mchana wa anga safi, jua likiwa utosini, kila mita ya mraba hupokea takribani wati 1,000. Paa lenye mita za mraba 3 hupigwa basi na kilowati 3. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho huo. Rangi nyeusi huufyonza. Kila abiria naye hutoa kama wati 100, hata kama ameketi kimya.

Watengenezaji wa Land Rover walilifahamu tatizo hili mapema. Kwa nchi za joto walitoa paa la pili, lililofungwa juu ya paa la kawaida na kuachiwa nafasi ya hewa katikati. Bati la juu hupokea jua, hewa hupita katikati na kuondoa joto, na bati la chini hubaki kivulini. Paa hilo halina sehemu inayozunguka na halitumii mafuta hata tone.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna mzigo mwingine usioonekana, nao ni mvuke. Hewa ya Dar es Salaam hujaa unyevu, na evaporeta huugeuza kuwa maji yanayodondoka chini ya gari. Kila kilo ya mvuke inayogeuka maji huachia takribani kilojuli 2,400. Yakidondoka maji lita 1 kwa saa, kiyoyozi kimetumia theluthi mbili za kilowati kukausha hewa tu. Anayeacha dirisha wazi humpa mbebaji mzigo usiokwisha. Ndiyo maana mpira wa mlango uliochakaa yafaa ubadilishwe kabla ya kufunga kiyoyozi, wala si baadaye.

Hesabu ya injini

Chukua mfano wa kiyoyozi kinachoondoa kilowati 5 za joto, na ambacho kompresa yake hutumia kilowati 3 za injini. Injini ya dizeli ya Series III, yenye sentimita za ujazo 2,286, hutoa nguvu farasi 62 hivi, yaani kilowati 46, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Hapo kompresa huchukua chini ya asilimia 7. Lakini gari linalopanda mlima polepole, injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, hupata takribani kilowati 26 tu. Sasa kilowati 3 zile zile ni zaidi ya asilimia 11. Mwenye gari lililosheheni anayepanda Kitonga, katika barabara ya Iringa, ataiona tofauti hiyo katika gia.

Nguvu siyo gharama pekee. Kwa kanuni ya hifadhi ya nishati, kondensa hutupa joto lililotolewa garini pamoja na kazi iliyofanywa na kompresa: 5 na 3, jumla kilowati 8. Ni kama kuweka mbele ya rejeta birika nne za umeme za kilowati 2 kila moja, zote zikichemka. Hewa inayofika kwenye rejeta imekwisha kupashwa moto, na mlimani upepo wenyewe ni haba. Maji yakichemka, gasketi ya silinda huweza kuungua na kichwa cha injini kupinda. Fundi mwenye busara husafisha rejeta kwanza, huongeza feni ya umeme, na hufunga swichi inayokata kompresa maji ya injini yanapozidi joto. Gari linaposimama, gavana ya pampu ya dizeli huongeza mafuta ili kuubeba mzigo mpya; hata hivyo mzunguko wa chini huenda ukahitaji kupandishwa kidogo, ili injini isitetemeke wala kuzimika.

Tahadhari ya umeme

Feni ya ndani, feni ya kondensa na klachi ya sumaku ya kompresa huweza kudai pamoja ampea 30. Dainamo za Land Rover za miaka ya 1960 zilitoa takribani ampea 22, na taa kubwa mbili za mbele peke yake zahitaji kama 10. Bila alternata yenye uwezo zaidi, betri itakuwa ikilipa deni kila safari ya usiku.

Mtego mwingine umo katika magari ya Japani. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 kwa soko la ndani la nchi hiyo hutumia volti 24. Klachi ya volti 12 inayokula wati 48 ikiunganishwa humo, mkondo wa umeme huwa maradufu, na nguvu huwa mara nne, yaani wati 192. Koili huungua. Mwanafunzi anayeijua kanuni ya Ohm aweza kuliona hilo kwenye karatasi kabla fundi hajaunusa moshi.

Gesi na anga

Viyoyozi vya magari ya zamani vilitumia R-12, yenye klorini. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zingeweza kuharibu ozoni inayotukinga na miali mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuzidhibiti, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuzitumia ifikapo mwaka 2010. R-134a haina klorini, lakini uzito uleule wa gesi hiyo hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dayoksaidi katika muda wa miaka 100. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Kigali yalikubaliana kupunguza matumizi yake hatua kwa hatua.

Gramu 800 za R-134a zikivujia angani ni sawa na kilo 1,144 za kaboni dayoksaidi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi, basi mvujo huo mmoja ni sawa na kuunguza zaidi ya lita 420 za dizeli. Kiungo kilichokazwa ovyo si kosa dogo.

Vifaa vilivyong’olewa katika magari mabovu navyo vyahitaji uangalifu. Mafuta ya madini yaliyotumika pamoja na R-12 hayachanganyiki na R-134a, na kompresa huweza kukauka na kusagika. Kabla ya kujaza gesi, mabomba hunyonywa hewa kwa pampu, kwa sababu kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 4 hivi, maji huchemka hata kwenye nyuzi 30 na kutoka kama mvuke. Kujaza gesi ya kupikia badala ya gesi iliyokusudiwa ni hatari kubwa: ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuleta mlipuko.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu achukue makopo matatu yanayolingana, yaliyojazwa maji kwa kiasi kimoja. La kwanza lipakwe rangi nyeusi, la pili nyeupe. La tatu lipakwe nyeusi, kisha liezekwe kipande cha bati kilichoinuliwa sentimita 3 juu yake. Yawekwe juani saa sita mchana, na jotoridi la kila kopo lipimwe kila baada ya dakika 5 kwa muda wa saa moja. Wanafunzi wachore grafu, wakokotoe joto lililoingia katika kila kopo, kisha wajibu: ikiwa injini ina kilowati 26 tu za kupandia mlima, ni lipi litangulie, kompresa au paa la pili?