Kabla ya kulipia mtihani, keti kwanza na walio nyumbani

Ni saa tano usiku mtaani Umoja, Nairobi. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa na sare za shule zimeanikwa. Mama wa nyumba, ambaye hushinda kutwa nzima akipiga hesabu za kampuni jijini, ndipo sasa anafungua kitabu chake. Anasoma swali la kwanza mara tatu. Akifika la pili, kichwa kimelala juu ya meza.

"Mama watoto, si ulale tu?" mumewe anamwita kutoka chumbani. "Kesho utashindwa kuamka."

"Niache, baba watoto. Nimekwisha lipa, na siku zinayoyoma."

Msomaji, picha hii si ngeni. Iko katika nyumba nyingi ambamo mtu mzima mwenye kazi na watoto ameamua kurudi shuleni kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile MBA ambayo wengi huiona kama ngazi ya kupandia cheo. Vyuo vingi vya ng'ambo huwataka waombaji wafanye kwanza mtihani wa GMAT. Ada yake ni zaidi ya dola 200 za Marekani, pesa ambazo katika nyumba nyingi zingelipia mambo mengine ya haja.

Wengi wanaoanguka hawaanguki kwa sababu ya ujinga. Huanguka kwa sababu walipanga ratiba peke yao, kimyakimya, wakitumai kwamba muda utapatikana. Muda haupatikani hivyo. Kila saa unayosoma ni saa uliyoichukua kutoka kwa mtu mwingine nyumbani, na afadhali kuiomba mapema kuliko kuigombania baadaye.

MTIHANI WENYEWE

Kwanza, uliza chuo unachokitaka kama kweli kinauhitaji mtihani huu. Baadhi ya vyuo vimeacha kuulazimisha, na vingine hukubali mtihani wa GRE badala yake. Itakuwa hasara kujinyima usingizi kwa miezi mitatu kwa jambo ambalo hukuulizwa.

Kama unahitajika, basi ujue umbo lake. Mfumo wa sasa, ambao ndio pekee uliobaki tangu mapema mwaka wa 2024, una sehemu tatu. Hesabu ina maswali 21, ufahamu na upimaji wa hoja una maswali 23, na kufasiri takwimu kuna maswali 20. Kila sehemu ina dakika 45, hivyo jumla ni saa 2 na dakika 15. Alama huanzia 205 hadi 805.

Mtihani hufanywa kwa tarakilishi, nayo hukupa swali gumu zaidi au rahisi zaidi kulingana na unavyojibu. Katika sehemu ya hesabu hakuna kikokotoo. Ukigawanya dakika kwa maswali, utaona una kama dakika mbili tu kwa kila swali. Ndiyo maana anayejua hesabu lakini hajazoea kuzifanya kwa kasi hujikuta saa imemwishia njiani, na maswali yasiyojibiwa humpunguzia alama.

Tahadhari kwa wanaonunua vitabu kuukuu kando ya barabara. Vile vya mfumo wa zamani bado vina insha, masahihisho ya sentensi na jiometri. Mambo hayo yaliondolewa. Usimalize wiki nne ukipima pembe ambazo hutaulizwa.

HESABU YA SAA

Sasa chukua kalamu. Wiki ina saa 168. Tuseme unalala saa saba kila usiku. Hizo ni 49. Kazi ya saa tisa kwa siku tano ni 45. Matatu za kwenda na kurudi, pamoja na foleni za barabarani, huenda zikala saa tatu kila siku, yaani 15. Zimebaki 59.

Usifurahi bado. Toa kupika, kufua, kazi za shule za watoto, sokoni, kanisani au msikitini, chama, wagonjwa wa kutazamwa na wageni wasiopiga hodi. Ukihesabu kwa uaminifu, huenda ukabaki na saa kumi hivi. Hizo kumi ndizo zako. Anayejiandikia ratiba ya saa 25 kwa wiki anajidanganya, na wiki ya pili atakuwa ameshaitupa.

Saa kumi si haba. Kwa mfano, saa moja ya alfajiri kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ni saa nne. Jumamosi asubuhi saa nne, na Jumapili alasiri saa mbili. Ijumaa pumzika. Kwa wiki 12 hizo ni saa 120. Kisha kubali kwamba wiki mbili zitapotea: mtoto atapata homa, stima zitapotea, au utaitwa matangani mashambani. Bado utabaki na saa 100.

Alfajiri ni bora kuliko usiku wa manane. Saa kumi na moja kichwa ni kipya na nyumba imetulia. Lakini anayeamka saa hiyo hana budi kulala saa nne, na hapo ndipo shauri la nyumbani linapoingia.

KIKAO CHA JAMAA

Kabla ya kulipa ada, ketini nyote. Bandika karatasi ukutani na mwambie mwenzako wazi: "Kwa wiki 12, Jumamosi asubuhi sitakuwepo. Nani atawapeleka watoto kunyolewa? Nani atakwenda sokoni?" Taja na siku ambayo ratiba hiyo itakwisha. Mtu huvumilia zaidi mzigo anaoujua mwisho wake.

Nawe pia toa kitu. Kama Ijumaa jioni umeahidi kuwa na watoto, vitabu vifungwe. Mume au mke anayeona kwamba zamu yake inaheshimiwa hatakuwa wa kwanza kuuliza kama masomo yameolewa nyumba hii. Watoto wakubwa wanaweza kusoma nawe meza moja. Wakimwona mzazi akikosea hesabu na kuirudia, hilo ni funzo.

Kama nyumba ni ya chumba kimoja, usitarajie kimya. Tafuta maktaba ya umma, kama ile ya kitaifa iliyoko Upper Hill, au mwombe mkuu wako ofisini ruhusa ya kuketi saa moja kabla ya kazi.

WIKI KWA WIKI

Anza kwa jaribio kamili kabla hujasoma chochote. Waandalizi wa mtihani hutoa majaribio mawili ya bure katika tovuti yao. Fanya moja, la pili uliweke hadi wiki ya 11. Alama za kwanza zisikuvunje moyo. Kazi yake ni kukuonyesha palipo na tundu.

Wiki ya pili hadi ya sita, rudia misingi bila kukimbizana na saa: sehemu, asilimia, uwiano, aljebra. Asubuhi mbili ziwe za hesabu, moja ya ufahamu, moja ya takwimu. Kama ufahamu ndio unaokusumbua, geuza.

Wiki ya saba hadi ya kumi, weka saa mezani. Kila Jumamosi fanya sehemu nzima kwa dakika 45, kisha tumia muda mrefu zaidi kusahihisha. Uwe na daftari la makosa: andika swali, kwa nini ulikosea, na njia iliyo sawa. Daftari hilo ndilo la kusoma ndani ya matatu, si kitabu kizito.

Wiki mbili za mwisho ni za majaribio kamili, katika saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani. Usiku wa mwisho, lala.

TAREHE NA JINA

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya duru ya kwanza Septemba na Oktoba, na ya pili mwanzoni mwa Januari. Hesabu kurudi nyuma, uache nafasi ya kurudia. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, lakini si zaidi ya mara tano katika miezi 12. Alama hudumu miaka mitano. Na unapojisajili, hakikisha majina yako yanalingana herufi kwa herufi na hati utakayobeba.

Yule mama wa Umoja bado hajachelewa. Afunge kitabu, alale, na Jumamosi amwite mumewe mezani wapange pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.